Mgeni Aliyetoka kwenye Jenereta

Jenereta lilikuwa limelala mezani vipande vipande, krenki huku, konrodi kule, bolti zimepangwa kwenye kisosi cha chai, na bado lilikuwa linagonga.

Bi Redio hakujua kwamba ni lenyewe. Alikuwa jikoni anapiga pasi, akasikia ko, ko, ko, halafu kimya kidogo, halafu tena ko, ko, ko, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyelelewa na wazazi wote wawili. Akaisimamisha pasi, akajitupia mtandio, akaenda mlangoni na uso wa kupokea habari. Maana hakuitwa Redio bure. Jambo likitokea mwanzo wa mtaa, likipita kwake linatoka mwisho wa mtaa na muziki juu yake.

Akafungua. Hakuna mtu. Kuku wa jirani tu, na kuku naye alikuwa anatazama ndani kwa shingo ndefu, hataki kukanyaga kizingiti.

"Nani?" mumewe akauliza kutoka sebuleni.

"Watoto wa mtaa huu wamezaliwa na mbuzi," akajibu, akafunga.

Hajaigusa pasi, ko, ko, ko. Akarudi mbio, akaufungua mlango kwa kuuvamia, amkamate mtu mkono. Barabara nyeupe kwa jua, haina hata kivuli.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hilo jenereta. Mume wa Bi Redio alikuwa kinyozi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu ukutani, na benchi la wanaongoja. Umeme wa pale ulikuwa unakuja umejipamba na kuondoka bila kuaga, mtu amenyolewa nusu kichwa, anabaki amekaa kama nazi iliyokunwa upande. Ndipo wakanunua jenereta dogo la petroli kwa watu fulani waliohama kwa haraka, haraka ya kuacha hata mapazia dirishani. Bi Redio aliuliza wanakimbia nini, hakuambiwa, na kutoambiwa kulimkaa kooni mpaka leo.

Jenereta lilifanya kazi vizuri, kisha likaanza kugonga tumboni. Mdogo wake Bi Redio, ambaye mtaa mzima unamwita Spana kwa kuwa ni fundi wa pikipiki, alikuja akalisikiliza.

"Konrodi, ule mkono wa pistoni, imelika, shemeji. Krenki nayo sidhani kama imepona. Nipe nikalishushe gereji, nilifungue lote."

"Nishindwe na kidude hiki?" kinyozi akasema. "Mimi nashika wembe kwenye koo za watu, sembuse chuma kisicho na damu. Nitalishusha mwenyewe, hapa hapa nyumbani."

"Kushusha injini si kunyoa, shemeji. Wewe ukikosea, kichwa kinaota tena."

Walicheka wote. Spana akamwachia spana zake chache na bisibisi moja ndefu, akamweleza hatua kwa hatua, akaondoka.

Basi siku ile ya ko, ko, ko, Bi Redio aliporudi sebuleni amefura, alimkuta mumewe ameinama juu ya meza, mkono wenye oili umeinuliwa kumwambia nyamaza. Kasha la injini lilikuwa mbele yake, tupu, limeoshwa kwa petroli, unaweza kuona mpaka upande wa pili.

Ko, ko, ko.

"Umesikia?" mumewe akanong'ona.

"Si mlangoni?"

"Si mlangoni."

Walitazamana. Kisha kinyozi akacheka, kile kicheko cha mwanamume anayetazamwa na mkewe. Akachukua ile bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye kasha na mpini wake sikioni, kama mafundi wanavyofanya wakitaka kujua injini inaumwa wapi. Akasikiliza. Bi Redio aliona kicheko kinamtoka usoni polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

Na hapo ndipo alipokosea. Kinyozi wa watu, mdomo wake umezoea. Tangu asubuhi mpaka jioni kazi yake ni kusikia mtu mlangoni na kusema maneno yale yale bila hata kugeuza shingo. Hakufikiri. Yalimtoka yenyewe.

"Karibu, bosi. Kaa hapo, zamu yako inakuja."

Kugonga kukakoma.

"Umesema na nani?" Bi Redio akauliza.

"Na... sijui." Akaitoa bisibisi sikioni, akaifuta, akaifuta tena. "Nimezoea tu, mama watoto."

Pale pale ikapita harufu ya oili iliyoungua, oili kuukuu, nyeusi, ya injini iliyokufa ikiwa inakimbia. Ikapita kati yao wawili, ikaelekea chumba cha mbele, na benchi la wateja likalia kwaa, kama linavyolia mtu mzito anapokaa.

Kuanzia hapo kazi ilimwendea kinyozi kama aliyezaliwa gereji. Beringi mpya aliipasha moto kwenye oili, kwa kikaango cha mkewe bila kuomba, ikavaa krenki yenyewe bila kupigwa nyundo hata moja. Konrodi mpya ikakaa shingoni mwa krenki, kile kijiko chake cha kurusha oili kikielekea panapotakiwa. Akalinganisha nukta ya gia hii na nukta ya gia ile, akaweka gasketi, akakaza bolti kidogo kidogo kwa mshazari, moja hapa, mwenzake kule. Alipoizungusha kwa mkono ilizunguka laini. Akavuta kamba. Injini ikaitika mara ya kwanza.

Haikugonga. Haikunguruma hata. Ilikuwa inafanya kazi kimya, taa zinawaka, mashine ya kunyolea inaimba, na jenereta lenyewe pale uani linatetemeka tu bila sauti, kama mtu anayelia kwa kujizuia.

"Umeona?" kinyozi akajigamba.

Bi Redio hakujibu, na mwanamke yule kutojibu ni habari tosha. Alikuwa anawaza hivi: aliyekuwa anagonga ameshaingia, ana haja gani ya kugonga tena?

Wa kwanza kuona alikuwa mteja, dereva wa lori, jitu zima lenye shingo ya fahali. Alikuwa kitini na shuka jeupe kifuani, anapiga soga, mara akanyamaza, macho yamekwama kwenye kioo.

"Kinyozi," akasema kwa sauti ya mtoto, "huyo jamaa aliyekaa benchi nyuma yetu mbona hana uso?"

Kinyozi akageuka. Benchi tupu. Akatazama kioo. Dereva hakungoja ajibiwe. Alitoka na shuka la watu shingoni, upande umenyolewa upande una nywele, na hakurudi kudai upande wa pili. Mchana ule ule mtaa mzima ulijua, na kwa mara ya kwanza habari haikutoka kwa Bi Redio.

Wateja wakakatika. Kisha mambo yakahamia ndani. Kikombe cha chai cha kinyozi kikawa kinakutwa kimenyweka, na pembeni alama ya mdomo mweusi wa oili. Taulo lake likawa na oili. Kandambili zake zikawa zinakutwa mlangoni zimegeuzwa kutazama ndani, zina joto, wakati yeye yuko peku. Kiti chake cha sebuleni, kile ambacho hata watoto wakija kutembea hawakikalii, kikawa na bonde kubwa kuliko makalio yake, na kinyozi, badala ya kukalia, akawa anaketi kwenye kigoda na kukitazama kile kiti kwa heshima.

"Kaa kitini kwako," Bi Redio akamwambia.

"Shh. Kina mtu."

"Mtu gani?"

"Si nilimwambia angoje?" Alikuwa ananong'ona, na kila siku sauti ilikuwa inapungua, kama vile naye oili yake inamwagwa. "Anauliza sana, mke wangu. Anauliza nalalia upande gani. Anauliza wewe huniita nani tukiwa wawili. Mimi namjibu tu, siwezi kumnyima, ni mgeni wangu."

Bi Redio alimwona mumewe jinsi alivyokonda, jinsi shati linavyomning'inia, jinsi uso ule aliouzoea tangu ujana unavyofifia kama chapa kwenye nguo iliyofuliwa mno, na wakati huo huo kile kiti kitupu kilikuwa kinazidi kujaa, kinalia kwaa, kinalia kwaa, kama mtu anayejisogeza mbele asikie vizuri wanachosema.

Akaenda kumwita mdogo wake.

Spana alikuja anacheka. "Dada, injini isiyogonga nayo ni tatizo? Watu wanazitafuta kwa tochi!" Akachuchumaa uani, akalivuta jenereta kamba, likawaka kimya kimya. Akachukua bisibisi, ncha kwenye kasha, mpini sikioni. Bi Redio akamwona anakunja uso.

"Sisikii konrodi," akasema. "Sisikii krenki. Dada, humu ndani hakuna chuma kinachozunguka."

"Unasikia nini?"

Akazima swichi. Akaendelea kusikiliza injini iliyozimwa, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Mtu anapumua," akasema. "Na shemeji. Namsikia shemeji kwa mbali anasema, haya, haya, sawa, chukua."

Kinyozi wakati ule alikuwa ndani, ameketi kwenye kigoda, mdomo umefumbwa. Spana alisimama, akamshika dada yake mkono, akamtoa nje bila kuchukua spana hata moja, na fundi anayeacha spana zake ujue hana mzaha.

Walikwenda kwa mganga aliyekaa nyuma ya kiwanda cha matofali, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye wagonjwa wake hungoja kwenye viti vya plastiki. Bi Redio alieleza, akafika mbele, akarudi nyuma, akaongeza ya jirani, mganga akamwachia. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Mumeo alimwambiaje hasa?"

"Alimwambia, karibu, bosi, kaa hapo, zamu yako inakuja."

Mganga akavua miwani. "Mama, jini aliyevamia nyumba mimi namtoa, ni kazi yangu. Huyu hakuvamia. Amekaribishwa, akapewa na ahadi ya zamu. Sasa anangoja zamu yake ya kuwa yule aliyekaa kitini."

"Ya kuwa nani?"

"Ya kuwa mumeo."

Bi Redio alishika kifua. Spana akatazama viatu vyake.

"Wa namna hii hafukuzwi," mganga akaendelea. "Anasindikizwa. Na anayemsindikiza ni yule aliyemkaribisha. Mumeo abebe jenereta mwenyewe, jua likianza kushuka, atembee naye kama unavyotembea na mgeni, amwongeleshe vizuri, mpaka kwenye shimo la kokoto. Pale aliweke chini, aseme, nimekufikisha, nenda salama. Kisha ageuke, arudi. Wewe unaweza kufuata kwa mbali. Lakini sikia, mama, na najua nasema na nani: usimwite. Hata akichelewa. Ukimwita wawili watasikia, na atakayeitika ni yule mwepesi."

"Na asipogeuka?"

"Atageuka. Ila kwa wakati wake. Funga mdomo umngoje."

Waliondoka nyumbani jua lilipokuwa linaanza kuwa jekundu. Spana alibaki kibarazani. Kinyozi alibeba jenereta begani, na pamoja na kukonda kule halikumlemea hata kidogo. Bi Redio alifuata nyuma, mtandio ameuuma kwa meno ili mdomo usimponyoke. Alimwona mumewe anatembea ukingoni mwa njia, amemwachia mwenzake katikati, anageuza uso na kuongea, anaonyesha nyumba hii na ile kama anayemtembeza mtu mtaani. Mbwa waliokuwa wamelala njiani waliamka kabla hajafika, wakasogea kando, wakasubiri apite, kisha wakasogea tena kama kuna mwingine wa kupita.

Kwenye shimo la kokoto akaliweka jenereta chini. Bi Redio akasikia kwa masikio yake, "Nimekufikisha, nenda salama." Moyo ukamshuka. Haya, sasa geuka, baba. Geuka.

Hakugeuka. Alisimama, ameinamisha kichwa kama mtu anayeambiwa neno la mwisho, lile neno ambalo wageni wote hulikumbuka wakiwa wameshaaga. Akacheka kidogo. Akanyoosha mkono, kiganja chake kikafumbata kitu kisichoonekana, na wakaanza kutembea tena, polepole, kuelekea ukingo wa shimo, huku jua likizama upande ule ule, huku kivuli chake kirefu kikirudi nyuma kumfuata mkewe, na pembeni ya kivuli kile kikiwa kimetoka kingine, kinene zaidi, ambacho kwa kila hatua kilikuwa kinazidi kufanana na cha mumewe mpaka haikujulikana tena kipi ni cha nani. Bi Redio aliuuma mtandio mpaka fizi zikauma. Alijiambia, ngoja, mzee amesema ngoja. Alijiambia, bado hatua kadhaa. Kisha akaona kokoto zinaporomoka chini ya kidole gumba cha mguu wa mumewe, akazisikia zinavyoanguka, zinavyoanguka, zisivyofika chini, na mdomo ambao haujawahi kushika neno maisha yake yote haukushika hilo pia.

"Mume wangu! Rudi nyumbani!"

Kicheko kikakatika.

Akageuka. Akaja mbio, mwepesi, kama kijana, hakuteleza hata mara moja. Bi Redio alimkumbatia, akamlilia begani, akamgusa uso, masikio, mikono. Ni yeye. Mwili umejaa, uso umerudiwa na rangi. Hana hata harufu ya oili. Ananukia sabuni, kama mtu aliyejiandaa kwa safari.

Wakarudi bega kwa bega. Katikati ya njia akauliza, "Bado mbali?" Bi Redio akadhani ni uchovu.

Spana alimrukia shemeji yake shingoni, akamtania, akaenda kwake anapiga mluzi. Mlangoni, kinyozi alisimama. Mkewe akaingia, akavua viatu, akageuka, bado amesimama nje na mikono mbele.

"Mbona huingii?"

"Ahsante," akasema, akaingia.

Hakukalia kiti chake. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, magoti pamoja. Chakula kilipokuja alikisifia. Alikula kidogo, akaacha kidogo sahanini, kama watu wanavyoacha ugenini. Alipomaliza akauliza kwa haya, choo kiko upande gani, na Bi Redio, sahani mkononi, akaelekeza kwa kidole, mwenye nyumba akimwelekeza mwenye nyumba. Kitandani alilala upande ule ule wa siku zote, akamwita jina lile wanaloitana wakiwa wawili. Alilisema sawasawa. Alilisema kama mtu anayelisoma.

Asubuhi Bi Redio alitoka kabla ya mtaa kuamka, akaenda mpaka shimo la kokoto. Vumbi halijaguswa na mtu tangu jana. Nyayo za mumewe alizijua, mguu wa kushoto huburuta kidogo. Zilikuwa pale, zinakwenda mpaka ukingoni, zimeishia hapo. Za kurudi nyumbani zilikuwa za mtu mmoja tu, na alipoweka mguu wake juu yake ulienea: zilikuwa zake mwenyewe. Jenereta halikuwepo.

Hakumwambia mtu. Jirani walimsalimu njiani, wakangoja habari, akapita. Alimkuta sebuleni, amelitoa kitandani shuka alilolalia, amelikunja, amelipanga vizuri kwenye ukingo wa kochi, ameketi pembeni yake mikono mapajani. Shati limeingizwa ndani ya suruali. Ule uso wa miaka yote, unatabasamu kwa adabu.

Bi Redio aliketi mbele yake. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumpiga kwa kigoda, lakini atampigaje, kwa uso ule.

"Utakaa sana?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama," akasema kwa upole. "Mpaka mwenyewe atakaporudi."